Kusimama au Kuruka: Uamuzi wa Rubani

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Maneno ya kuandika ubaoni kabla ya somo:
Rubani: mtu aendeshaye eropleni.
Njia ya kurukia: barabara ndefu ambayo eropleni hukimbia juu yake kabla ya kupanda hewani.
Dharura: jambo la hatari litokealo ghafula.
Kukatiza: kuacha jambo lililokwisha kuanzwa, kabla halijafika mwisho.
Mwendo wa kuamua: maana yake tutaijua katika somo.

Sogeeni karibu na redio, kila mtu awe na kalamu yake na daftari lake, kwa maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo la leo limetokana na barua. Mzee mmoja, mwanafunzi wa darasa la watu wazima, ametuandikia kwa mkono wake mwenyewe. Anasema kwamba kijana wake alipanda eropleni mjini Mwanza kwenda Dar es Salaam. Eropleni ilianza kukimbia, ikazidi kukimbia, na abiria wote wakangojea kupanda juu. Mara breki zikashikwa kwa nguvu, watu wakasukumwa mbele, na eropleni ikasimama pale pale njiani. Kisha ikarudi polepole mahali ilipotoka. Abiria walinung'unika sana. Mmoja alisema kwa sauti kubwa, "Rubani huyu mwoga." Kijana alirudi nyumbani kwa basi, na sasa asema hatapanda eropleni tena maishani mwake. Mzee wetu auliza hivi: "Je, rubani aliyeogopa aweza kuaminiwa na roho za watu?"

Mzee wangu, ahsante kwa barua. Ni swali zuri, nasi tutalijibu. Lakini kwanza hatuna budi kuelewa kazi ya rubani katika dakika ile moja tu, dakika ya kuondoka chini.

Kabla sijaendelea, neno moja. Katika lugha yetu ndege ni yule mwenye manyoya, na ndege pia ni chombo cha kusafiria. Leo nitakiita chombo hicho eropleni, kama walivyosema wazee wetu, ili tusichanganye mambo. Maana ndege wenye manyoya nao watatokea katika habari hii.

HESABU YA SEKUNDE MOJA

Haya, shikeni kalamu. Eropleni kubwa ya abiria, ikikaribia kupanda, yaweza kukimbia kwa mwendo wa kilometa 270 kwa saa. Kilometa 270 ni meta 270,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanyeni 270,000 kwa 3,600. Mwalimu, waandikie ubaoni. Sisi tutangoja kidogo.

Jibu ni 75. Maana yake, katika sekunde moja eropleni hiyo huenda meta 75. Sasa semeni kwa sauti, pole pole: "Moja, mbili." Kwa muda huo mliotumia kusema, eropleni imekwenda meta 150. Huo ni urefu wa kiwanja cha mpira na nusu yake. Rubani akikaa kujiuliza, "Nifanye nini?" kwa muda wa sekunde mbili tu, amekwisha kupoteza meta 150 za njia yake. Na njia ya kurukia haina mwisho wa namna mbili. Ikikwisha, imekwisha.

Jambo la pili ni uzito. Eropleni ya aina ya Boeing 737, ambayo yaonekana mara nyingi katika viwanja vya Afrika Mashariki, ikijaa watu, mizigo na mafuta yaweza kuwa na tani 70 na zaidi. Kila mtu aliyepanda baiskeli mteremkoni ajua kwamba baiskeli iendayo mbio haisimami mara moja. Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne! Kwa hiyo kuisimamisha eropleni iendayo kilometa 240 kwa saa ni kazi mara nne ya kuisimamisha iendayo kilometa 120. Nguvu hiyo yote yageuka kuwa joto, na joto hilo laingia katika breki. Huwa kali hata magurudumu hutiwa vizibo maalumu, ambavyo huyeyuka na kutoa upepo taratibu, ili mipira isipasuke.

MWENDO WA KUAMUA

Basi sasa twaelewa shida ya rubani. Akiwa bado anakwenda polepole, kusimama ni rahisi. Akiwa amekwisha kwenda mbio sana, hana tena njia ya kutosha mbele yake, na kusimama ni hatari kuliko kuruka. Kati ya mahali hapo pawili, pako mpaka. Mpaka huo ndio uitwao mwendo wa kuamua. Marubani wa dunia nzima huuandika kwa herufi V na tarakimu 1.

Mpaka huu haukisiwi kwa macho. Hupigiwa hesabu kabla ya kila safari, eropleni ikiwa bado imesimama. Marubani hutazama mambo haya: uzito wa eropleni siku hiyo; urefu wa njia; kama njia ni kavu au ina maji; upepo watoka wapi; hewa ina joto kiasi gani; na kiwanja kiko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari.

Jambo hilo la mwisho latuhusu sana sisi. Kiwanja cha Nairobi kiko juu kwa meta 1,600 hivi. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi, injini hupungukiwa na nguvu, na mabawa hayapati hewa nzito ya kuyabeba. Eropleni hulazimika kukimbia zaidi kabla ya kupanda. Njia kuu ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilometa 4. Kwa hiyo eropleni ile ile moja, na rubani yule yule, haina mwendo wa kuamua mmoja kwa siku zote. Asubuhi ya baridi una hesabu yake, na mchana wa jua kali una hesabu nyingine.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kiini cha somo. Mwendo wa kuamua si mwendo wa kuanza kufikiri. Mwendo huo ukifika, uamuzi uwe umekwisha kutolewa, na mkono wa rubani uwe umekwisha kuanza kazi ya kusimamisha. Kama haukuanza, basi eropleni itaruka.

MAPATANO KABLA YA SAFARI

Katika chumba cha mbele cha eropleni hukaa marubani wawili, kapteni na msaidizi wake. Kabla ya kuanza kukimbia, husemezana kwa sauti. Mmoja husema maneno kama haya: "Likitokea jambo kubwa kabla ya mwendo wa kuamua, tutasimama. Likitokea baada yake, tutaruka, tutapanda, kisha tutarudi kutua." Hueleza pia nani atashika nini, na nani atasema na watu wa mnara. Pengine wamekwisha kuyasema maneno hayo mara elfu. Lakini watayasema tena leo, kwa kuwa wakati wa hatari hakuna nafasi ya kufanya mkutano.

Eropleni huanza kukimbia. Mmoja hushika usukani na kutazama mbele. Mwingine hutazama saa za mitambo na kutaja mwendo. Katika kampuni nyingi ni kapteni peke yake awezaye kuamua kukatiza safari, na mkono wake hukaa juu ya vishikio vya nguvu za injini, tayari kuvirudisha nyuma. Mwendo wa kuamua ukifika, msaidizi huutaja kwa sauti, na kapteni huondoa mkono wake pale. Kwa nini auondoe? Ili mshituko usimfanye avute vishikio wakati ambapo kuvuta ni kosa. Mkono ukiondoka, shauri la kusimama limefungwa.

Hata kabla ya mpaka huo, rubani hasimamishi kwa kila kitu. Mwendo ukiwa bado mdogo, chini ya kilometa 150 kwa saa hivi, hukatiza safari hata kwa kasoro ndogo, maana kusimama hakuna hatari. Mwendo ukipita hapo, husimama kwa mambo makubwa tu: moto, injini kufa, au dalili kwamba eropleni haitaweza kuruka salama. Taa ndogo ikiwaka kwa ajili ya jambo dogo, huiacha. Ataishughulikia akiwa juu.

Hapo mtu ataniuliza, "Ewe mwalimu, yawezekanaje kuruka na injini iliyokufa?" Swali la haki. Sheria za usafiri wa anga zataka kila eropleni kubwa ya abiria yenye injini mbili iweze kuruka na kupanda kwa injini moja, kama ile nyingine itakufa baada ya mwendo wa kuamua. Jambo hilo hujaribiwa kabla eropleni ya namna hiyo haijaruhusiwa kuchukua watu. Na huko juu rubani hupata kitu ambacho hakuwa nacho chini, nacho ni wakati. Njiani alikuwa na sekunde mbili. Hewani atakuwa na dakika nyingi za kufikiri, kusoma kitabu cha maagizo, na kuomba msaada.

Sasa tutazame mambo matatu yaliyotokea kweli. Mawili yalitokea katika kiwanja kimoja, Manchester, nchini Uingereza. La tatu lilitokea Marekani.

LA KWANZA: WALIORUKA

Tarehe 29 Aprili 2007, eropleni ya aina ya Boeing 757 ya kampuni ya Thomsonfly ilikuwa ikiondoka Manchester. Mwendo wa kuamua ulikuwa umekwisha kupita, na magurudumu yalikuwa yakiacha ardhi. Wakati ule ule ndege mwenye manyoya akavutwa ndani ya injini ya kulia. Injini ikapiga kishindo na kutema moto nyuma.

Marubani hawakurudi chini. Waliendelea kupanda kwa injini moja, wakaizima ile iliyoharibika, wakatoa habari ya dharura kwa watu wa mnara, wakazunguka na kurudi kutua Manchester. Hakuna aliyeumia. Tazameni, moto ulionekana, kishindo kilisikika, na roho ya kila mwanadamu yataka kukimbilia chini. Lakini chini hapakuwa tena na njia ya kutosha. Usalama wao ulikuwa juu.

LA PILI: WALIOSIMAMA

Turudi nyuma, tarehe 22 Agosti 1985, katika kiwanja hicho hicho. Eropleni ya Boeing 737 ya kampuni ya British Airtours ilikuwa ikikimbia, nayo haijafika mwendo wa kuamua. Marubani wakasikia kishindo. Walidhani mpira wa gurudumu umepasuka. Kapteni alikatiza safari mara moja, na eropleni ikapunguza mwendo bila kupita mwisho wa njia.

Lakini haikuwa mpira. Injini ya kushoto ilikuwa imevunjika, na kipande chake kimetoboa tangi la mafuta katika bawa. Moto ukawaka. Eropleni ilikunja kuingia njia ya pembeni, na upepo ukausukuma moto ule kwenye mwili wa eropleni. Moshi ukaingia ndani. Katika watu 137 waliokuwamo, watu 55 walikufa, wengi wao kwa moshi.

Je, kapteni alikosa kusimama? La. Kama angeruka na moto ule, pengine hasara ingekuwa kubwa zaidi. Lakini habari hii yatufundisha kwamba kusimama si mwisho wa kazi. Baada ya kusimama kuna maswali mengine: moto uko upande gani? Upepo watoka wapi? Watu watokee mlango upi? Baada ya msiba ule mambo mengi yalibadilishwa katika eropleni. Nafasi ya kupitia kwenye milango ya dharura iliyo juu ya mabawa iliongezwa. Nasi abiria tuna sehemu yetu. Mhudumu anapoonyesha milango kabla ya safari, tumtazame. Na siku tukiambiwa tutoke, tutoke mikono mitupu. Sanduku laweza kununuliwa tena.

LA TATU: ALIYEVUNJA KANUNI

Tarehe 8 Machi 2017, katika kiwanja cha Willow Run, jimbo la Michigan, Marekani, eropleni ya aina ya MD-83 ya kampuni ya Ameristar ilikuwa na watu 116. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali sana. Eropleni hiyo ilikuwa imeegeshwa nje kwa muda wa siku mbili karibu na jengo kubwa, na upepo uliozunguka jengo ulikuwa umekikwamisha kibao kimoja cha mkiani, kile kinachoinua pua ya eropleni.

Marubani walikagua usukani kabla ya kuondoka, nao ulikwenda vizuri. Hawakujua kasoro ile, kwa sababu katika eropleni ya namna hiyo usukani husogeza vibao vidogo tu, na upepo wa mwendo ndio usogezao vile vikubwa. Mtu aliyekaa mbele hawezi kuona mkia.

Wakakimbia. Mwendo wa kuamua ukatajwa, ukapita. Kapteni akavuta usukani. Pua haikuinuka. Akavuta zaidi. Pua haikuinuka hata kidogo. Kanuni yasema, ukiisha kupita mpaka, ruka. Lakini eropleni ile haikuweza kuruka! Kapteni akaamua kusimamisha. Kando yake alikaa rubani mwingine, mkubwa wake katika safari ile, aliyekuwa akimfundisha na kumkagua. Naye alishituka, maana kanuni ilikuwa inavunjwa mbele ya macho yake. Hata hivyo hakumnyang'anya.

Eropleni ilipita mwisho wa njia, ikavunja uzio, ikasimama meta zaidi ya 300 nje ya njia, imeharibika vibaya. Lakini watu wote 116 walitoka hai, na ni mmoja tu aliyeumia, tena kidogo. Ardhi iliyo nje ya mwisho wa njia ilikuwa imetengenezwa miaka ya nyuma ili kuokoa eropleni zinazopita mpaka. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waliwasifu marubani wale wawili.

Je, kapteni yule alidharau kanuni? Hapana. Aliijua mpaka kwenye mzizi wake. Kanuni yasema ruka, kwa sababu yaamini kwamba eropleni yaweza kuruka. Sababu hiyo ilipoondoka, kanuni nayo iliondoka. Na mwenzake hakushindana naye, maana kama mmoja angesukuma na mwingine angevuta, watu wangekufa.

JIBU LETU KWA MZEE

Sasa twarudi kwenye barua. Mzee wangu, mimi sijui ni kasoro gani iliyoonekana siku ile huko Mwanza. Lakini najua kwamba mtu aliyeshika breki alikuwa amepiga hesabu kabla ya kuanza. Alikuwa amekwisha kusema kwa sauti, mbele ya mwenzake, ni jambo gani litakalomfanya asimame. Tena marubani wa abiria hurudishwa kila mara katika mtambo wa mazoezi, chumba kilichotengenezwa mfano wa chumba cha marubani. Humo huzimiwa injini na kuwashiwa moto wa bandia, wakati ule ule mbaya, hata mkono ujue kazi yake kabla moyo haujaanza kugombana.

Mwambie kijana wako maneno haya. Rubani wa kuogopwa ni yule aonaye hatari akaendelea kwa kuona haya, kwa sababu abiria watanung'unika na saa zitapotea. Rubani wake hakufanya hivyo. Alichagua manung'uniko yenu akawarudisha wote kwa miguu yenu. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari, na tahadhari ya rubani hufanywa eropleni ikiwa bado imesimama.

MASWALI YA DARASA

1. Eropleni yakimbia kilometa 252 kwa saa. Katika sekunde moja yaenda meta ngapi? Katika sekunde tatu je?
2. Kwa nini kapteni huondoa mkono wake kwenye vishikio mwendo wa kuamua ukifika?
3. Kwa nini eropleni hukimbia zaidi Nairobi kuliko Dar es Salaam kabla ya kupanda?
4. Marubani wa Manchester mwaka 2007 waliruka, na kapteni wa Willow Run alisimama baada ya mpaka. Wote walifanya vema. Elezeni kwa nini.
5. Zungumzeni darasani: katika kazi yenu, iwe uvuvi, udereva au ukunga, ni uamuzi gani unaofaa kutolewa kabla kazi haijaanza? Kila mtu aandike sentensi tatu.

Mwalimu, kusanya madaftari na uyasahihishe. Nasi tunawaageni kwa leo. Mzee wetu wa barua, msomee kijana wako somo hili wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Kwaherini.